Mlango Namba Tisa

Mtahini aliuzunguka mlango namba tisa mara ya nne. Akainama, akachuchumaa, akaumulika kwa taa kutoka pembeni, akashika kioo cha kukuzia kama mtu anayetafuta sindano kwenye unga. Mwishowe akasimama, akapangusa magoti, akasema:

"Mlango huu haujafanyiwa kazi."

Mwenye mlango alikuwa amekaa juu ya debe la rangi, mikono magotini. Mafundi wenzake walimwita Msasa, wengine kwa sababu ya viganja vyake, wengine kwa sababu ya ulimi wake. Miaka thelathini na moja alikuwa akipaka magari rangi. Alidhani anasifiwa.

Ilikuwa siku ya pili ya mtihani. Wakubwa wa ofisi ya ufundi, watu ambao hawajawahi kunusa thina isipokuwa ile ya kufutia kucha za wake zao, walikuwa wameamka siku moja na amri: kuanzia mwezi ujao hakuna atakayeshika bomba la kupulizia rangi katika karakana kubwa bila cheti. Asiye na cheti apewe ndoo na sabuni aoshe magari. Msasa aliishia darasa la nne. Fomu ya kujiandikisha alijaziwa na binti yake, yeye akatia sahihi tu, na hiyo sahihi nayo ilimtoa jasho. Lakini kuosha magari? Magari aliyoyapaka mwenyewe?

Mtihani wenyewe kwa maneno ulikuwa mwepesi. Kila fundi alipewa mlango wa gari wa rangi ya fedha, uliokwaruzwa kwa msumari mpaka bati likachungulia, kidonda kirefu kama kiganja. Paka pale palipoumia tu. Usivuke theluthi ya mlango. Na pale rangi mpya inapokutana na ya zamani, pasijulikane.

Sasa, rangi ya fedha ni rangi ya fitina. Ndani yake mna chembe ndogo za madini, na chembe hizo zina tabia zake. Ukizimwaga mbichi sana zinazama na kuacha wingu jeusi. Ukizipuliza kavu zinasimama wima, na pale mahali panapauka kama goti lisilopakwa mafuta. Ukishinda hapo, bado klia, ule utando wa juu usio na rangi unaoleta mng'ao. Klia haipendi kukatwa katikati ya mlango. Ikikatwa huacha mdomo, na mdomo huo jua likiupiga mwaka mmoja hubanduka kama ganda la kitunguu. Fundi lazima aipunguze kidogo kidogo kuelekea nje, kisha aupulizie mdomo wake thina laini mpaka uyeyuke na kuzama ndani ya klia ya zamani. Wengi hufika hapo wakaanguka. Msasa alikuwa amefika hapo jana, akapita kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Usiku milango ilifungiwa stoo ikauke. Asubuhi aliung'arisha wake, akakaa juu ya debe.

"Haujafanyiwa kazi vipi?" aliuliza sasa.

"Sioni kidonda. Sioni mpaka. Sioni kitu cha kutilia alama." Mtahini alikuwa mtu wa makamo ya mwanzo, viatu vinang'aa, kalamu tatu mfukoni. "Tazama fomu, mzee. Mpaka wa rangi: hafifu, wastani, mbaya. Nitie tiki wapi?"

"Tia kwenye hafifu."

"Hafifu maana yake unaonekana kidogo."

"Basi chora kisanduku kingine."

"Fomu imetoka juu. Haichorwi."

Kwenye mlango namba kumi alisimama shemeji yake Msasa, mdogo wa marehemu mkewe, mtu wa tumbo na vicheko. Yeye alikwisha kupimwa. Mlango wake ulikuwa na wingu kana kwamba mtu ameupulizia moshi wa sigara, akapata alama thelathini na tano kati ya sitini, pasi ya kubebwa kwa machela, na alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Shem," alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka getini, "mwonyeshe kasoro. Hata ya kusingizia. Mwambie hapa nilitetemeka, hapa mkono ulilala. Akupe arobaini twende zetu."

"Nisingizie kazi yangu?"

"Kazi haina masikio."

"Mimi ninayo."

Mtahini alikuwa amekwenda stoo, akarudi na uso wa mtu aliyepata jibu asilolipenda. Mle ndani kulikuwa na milango ya akiba, ya fedha vilevile, mizima, haina mkwaruzo.

"Mlango huu umebadilishwa," alisema. "Namba ni karatasi tu ya kubandika. Mtu akibandua huku akabandika kule, nani atajua?"

"Hesabu ya akiba," Msasa akasema. "Mliingiza mingapi?"

Mtunza stoo akafungua daftari. "Imeandikwa milango kadhaa."

Watu wakacheka. Msasa hakucheka.

"Na kipimo? Kile kidude cha kupima unene wa rangi? Kiweke hapo. Penye rangi mpya patakuwa panene kuliko penye rangi ya kiwandani. Mtoto anajua hilo."

"Kipimo kipo," mtahini akasema, akashusha sauti. "Hakina betri. Tuliomba."

Kipo, hakina betri. Msasa alilijua neno hilo kwa sura na kwa sauti. Miaka miwili iliyopita, hospitalini, mkewe akihema kama samaki aliyetupwa juu, waliambiwa mashine ya hewa ipo. Ipo kabisa, nzima, mpya, imefungiwa chumbani, na ufunguo uko mfukoni mwa bwana mkubwa aliye kwenye semina. Bwana mkubwa alirudi jioni. Tangu hapo Msasa hakumwamini mtu yeyote mwenye funguo nyingi. Msamaha nao upo, alijiambia sasa, hauna betri.

Alilisema kimoyomoyo, na lilimwuma kuliko kumchekesha.

Mtahini akaegemeza fomu kwenye ubao wake, akaandika. Kusoma kwa Msasa kulikuwa kwa kusukuma, kama gari lililogoma, tena hapa alikuwa anasoma kichwa chini miguu juu. Lakini herufi zilikuwa kubwa, na neno lilifika. Udanganyifu.

Akainuka kutoka kwenye debe.

"Bwana," alisema, "ungeandika sifuri ningeimeza. Nimemeza mengi ya ofisi zenu. Lakini hili ni neno la mwizi, na koo langu halina njia yake. Nina binti nyumbani. Hiyo karatasi ataisoma yeye, maana mimi hunisomea yeye."

"Mzee, mimi nafuata..."

"Najua unafuata. Subiri kidogo uache kufuata, uone."

Alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha thina ile kali. Mafundi waliokuwa karibu wakaelewa kabla ya mtahini kuelewa. "Usifanye, kaka!" mmoja wao aliguta. Shemeji akamshika kiwiko.

"Shem, unaua."

"Niache."

Rangi ya kiwandani, iliyookwa kwenye tanuri, haiogopi thina. Iliyolala usiku mmoja tu inaiogopa. Msasa aliweka kitambaa chini kidogo ya kishikio, na hapo vidole vyake vikagoma, kwa pumzi moja tu. Kisha akafuta. Mara ya kwanza hakukutokea kitu. Mara ya pili mng'ao ukafa. Mara ya tatu kukajitokeza alama kubwa kama sahani, imevimba kingo, inanata, na katikati yake fedha ikaanza kutoka na kuchafua kitambaa. Ikaonekana yote: kidonda kilipokuwa, rangi ilipoanzia, klia ilipoishia.

Alimkabidhi mtahini kitambaa. "Futa na pale upande wa bawaba."

Mtahini akafuta. Pale mng'ao haukutikisika. Akafuta tena kwa nguvu, kalamu moja ikamwanguka, wala hakuiokota.

"Umeona?"

"Nimeona." Akatazama fomu, akatazama mlango, na ile tabia ya ofisi ikamrudia mwilini kama kikohozi. "Lakini sasa, mzee... kanuni inasema mlango upimwe kama ulivyo. Na kama ulivyo sasa..."

Kelele zikapanda. Mmoja alisema huyu si mtahini, huyu ni mtihani. Shemeji aliuliza kwa sauti kama kanuni hizo zina mama.  Msasa alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Mtihani unaisha saa ngapi?"

"Saa saba."

"Sasa ni saa nne na nusu. Nina saa mbili na nusu zangu, mmenipa nyinyi wenyewe. Nitairudia. Na wewe hutakaa ofisini. Utasimama hapa, bega kwa bega, macho yasibanduke, ili ukikosa cha kuona usinitafutie stoo."

Mtahini akasimama.

Msasa hakuharakisha, ila hakupoteza hatua hata moja. Aliiacha thina iruke. Akaikwangua klia iliyolainika kwa msasa na maji, akavuka kwenda nje kwa msasa mlaini zaidi, ule wa namba elfu mbili, mpaka ngozi ya mlango ikafifia bila kuchubuka. Akafunika theluthi mbili kwa karatasi, lakini ukingo wa karatasi hakuulaza chini. Aliukunja uwe na tumbo.

"Kwa nini umeukunja?" mtahini aliuliza.

"Ukiulaza, rangi itasimama hapo kama askari. Ukiukunja itapita chini yake taratibu, isijue ilipoishia. Shika hili."

Alimpa mpira wa upepo, auinue usiguse mlango. Mtahini, na shati lake jeupe, akaushika juu kwa mikono miwili. Hakuna aliyemcheka. 

Fedha aliipuliza mara tatu, kila mara pana kuliko ile iliyotangulia, na kila alipofika mwisho kifundo cha mkono kiligeuka nje, kama mtu anayemuaga mgeni. Akarudi nyuma hatua mbili, akapunguza upepo, akapitisha vumbi la mwisho kutoka mbali, chembe zilale upande mmoja na wenzao. Akasubiri ikauke. Kisha klia, mara mbili. Kisha akabadilisha kikombe cha bomba, akatia thina laini, akaupulizia mdomo wa klia.

"Tazama sasa," alisema. "Usipepese."

Mdomo ulikuwepo, unaonekana wazi, mstari wa vumbi jeupe. Ukalowa. Ukatetemeka kidogo. Ukaondoka. Mtahini akatoa sauti ndogo puani, akainamia mlango mpaka Msasa akamvuta kola.

"Pua, bwana. Utatuachia pua humo."

Walisogeza taa ya joto, wakangoja. Shemeji akasimulia namna alivyowahi kupaka gari la jamaa mmoja rangi ya maziwa akiwa na macho mekundu, likatoka na madoa kama chui, mwenyewe akalipenda. Mtahini alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akauliza kwa haya kama ni kweli kwamba klia ya kukatwa katikati hubanduka hata ikifanywa na fundi mzuri.

"Kweli," Msasa alijibu. "Kwenye gari la mtu ningepaka mlango mzima mpaka ukingoni, nilale usingizi. Huu mtihani wenu umetungwa na mbahili. Ila mmetaka, nimefanya."

Mtahini aliandika hilo pembeni ya fomu, ile isiyochorwa.

Saa sita na dakika arobaini mlango ulikuwa umepoa, umepigwa msasa wa mwisho, umesuguliwa kwa dawa ya kung'arishia kwa mkono, polepole, duara juu ya duara. Mtahini akanyanyua taa yake.

"Hiyo ni ya kutafutia mbu," Msasa akasema. "Tuutoe juani. Jua halina mjomba."

Waliubeba watu wawili, wakausimamisha ukutani nje, mchana wa jua kali. Mafundi wote kumi na wanne wakatoka. Walitazama kutoka kushoto, kutoka kulia, wakichuchumaa, wakifumba jicho moja. Kulikuwa na mmoja, bingwa wa karakana ya ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka sita hakumpa Msasa zaidi ya salamu ya kope. Huyo alipiga goti kabisa, akapitisha kucha ya kidole kidogo kwenye bati, kutoka kishikio mpaka bawaba, akarudi. Akainuka.

"Mkono wako usioze, kaka," alisema, akaondoka zake kwenda kunywa maji.

Mtahini alilikata lile neno la mwizi kwa mistari miwili, akatia sahihi pembeni, akaandika tarakimu. Tarakimu Msasa alizisoma bila kusukuma. Hamsini na sita kati ya sitini.

"Nne zimekwenda wapi?"

"Hukuvaa glavu, mzee."

Shemeji akaangua kicheko cha kuchafua hewa, akaanza kulaani serikali, ofisi, glavu na aliyezibuni. Wengine wakadai alama nne zirudishwe. Msasa aliinua kiganja, kikavu, kimepasuka, kina fedha kwenye mistari yote.

"Mwacheni," alisema. "Hizo nne kachukua kihalali. Glavu sivai, na sitavaa."

Akavuta simu, akampigia binti yake, na alipoitika akamwambia aache alichokuwa anafanya, avae viatu, aje karakana sasa hivi kabla hawajaurudisha mlango ndani.

"Umefaulu, baba?"

"Njoo kwanza," alisema. "Karatasi utaisoma baadaye. Njoo utazame kazi ya baba yako juani."