Mhusika wa Miaka Minne na Miezi Mitatu

Fundi Baridi alikuwa mkweli kiasi cha kuudhi. Ukimpelekea friji lililokufa, alikwambia limekufa, wala hakuongeza neno la kukuliwaza. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza mafriji, ingawa mkewe alisema lingemfaa hata kama angekuwa mwoka mikate.

Ukweli huo ndio uliomponza alipoletewa bahasha kutoka shuleni. Binti yake wa pekee, aliyeitwa Cheche tangu alipoanza kutambaa, alikuwa na miaka minane. Mwaka ule alikuwa amekwisha kupindua madawati manne, kumng'ata mwenzake begani, na kushinda chini ya meza ya mwalimu hadi kengele ya mapumziko, akiwa ameziba masikio. Majirani walisema kadekezwa. Bibi yake mzaa mama alisema anataka fimbo. Mwalimu wa darasa, ambaye maji yalikuwa yamemfika shingoni, alisema mtoto apelekwe kituo cha ushauri, na ndani ya bahasha akatia fomu yenye maswali sabini na mawili.

Fundi Baridi aliijaza karakanani, akiwa ameiegemeza kwenye mlango wa friji la mteja. Fomu haikutaja mtoto popote. Ilisema "mhusika" tu, naye kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu, akaona mhusika ni yeye. Je, mhusika hukasirika ghafla? Ndiyo. Je, hurusha vitu? Akaikumbuka spana iliyopitia dirishani, akaandika: kimoja. Je, hujificha anapotafutwa? Ndiyo, hasa na wenye mafriji. Je, akiudhika hunyamaza muda mrefu? Akaandika: siku tatu, muulizeni mke wangu. Penye umri aliandika 43, akatia sahihi, akarudi kazini akijiona mzazi wa kupigiwa mfano.

Karani wa kituo hakuwa amewahi kuona mtoto wa miaka arobaini na mitatu. Akaona pale pamesahaulika nukta, akaandika kwenye faili kwamba mhusika ana miaka minne na miezi mitatu. Lile neno "mke" lilimtatiza kidogo, lakini akasema moyoni kwamba watoto wana michezo yao.

Barua ya wito ilimtaka mhusika afike Jumanne saa tatu asubuhi pamoja na mlezi wake. Fundi akamshika Cheche mkono, wakaenda. Dirishani karani alilitazama faili, akamtazama Fundi, akalitazama faili tena. Kisha akawaeleza kwa upole habari ya ile nukta, na kwamba faili likishafunguliwa halifungwi mpaka mhusika ahudhurie mara sita. Kumfungulia binti faili lake kunawezekana, ila foleni inafika mwakani. Tena mhusika haruhusiwi kuingia bila mlezi.

Mama Cheche alikuwa kazini. Kwenye benchi hapakuwa na mtu mwingine. Cheche akanyoosha kidole, kama darasani.

"Mlezi, weka sahihi hapa," karani akasema, akampa kalamu.

Cheche aliandika jina lake kwa herufi kubwa, ulimi nje, akamwambia baba yake afuate nyuma.

Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti isiyo na haraka. Fundi alimsimulia kosa lote, tangu bahasha hadi nukta. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kupokea fomu iliyojazwa kwa ukweli namna ile, kwa hiyo hataki kuipoteza. Akamwonyesha kiti. Kilikuwa kiti chekundu cha plastiki, cha mtoto wa chekechea. Fundi alikaa, magoti yakamfika kidevuni, na aliposimama kiti kilisimama naye. Mlezi ndiye aliyekivuta.

Siku ya kwanza alipanga vipande vya mbao. Siku ya pili aliambiwa achore watu wa nyumbani kwake kama wanyama, naye kwenye nafasi yake akachora friji. Cheche akamwambia friji si mnyama. Fundi akaliongezea miguu.

Siku ya tatu mshauri alimgeukia mlezi, akauliza mhusika huwa na matatizo gani nyumbani. Fundi akacheka. Cheche hakucheka.

"Akiudhika hasemi," alisema. "Mabega yanapanda. Halafu anafungua friji letu, anafunga, anafungua, anafunga. Nyumba nzima inakuwa kimya."

"Na wewe unafanya nini?"

"Navunja kitu."

"Kwa nini?"

Cheche aliutazama mchoro wa friji lenye miguu. "Kwa sababu ule ukimya sijui utaisha lini. Nikivunja, kelele ni yangu, naijua. Hata Mwalimu yuko hivyo. Akitaka tutulie anakunja mikono, anatutazama tu."

Fundi alikumbuka sahani, kioo cha bafuni, na redio ya mama mkwe, na jinsi kila mara alivyoapa kwamba binti kafanya bila sababu. Akauliza, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua, kama basi yeye ndiye aliyemharibu mtoto.

"Hajaharibika," mshauri akasema. "Huyu si friji, Fundi. Kuna watoto wanaozaliwa hivi, kila kitu kinawaingia kwa nguvu kuliko sisi. Hukumfanya wewe awe hivyo. Ila unaweza kumwambia kinachokuja kabla hakijafika."

Kazi ya kutangaza ikaanza jioni ileile. Fundi alisimama sebuleni, mikono ubavuni kama askari, akasema: "Nimekasirika. Ni kompresa ya friji la mteja, si wewe. Nadhani nitamaliza kabla ya chakula." Cheche alimtazama, akaendelea kuchora. Mkewe alienda kukaa jikoni peke yake kwa muda, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Mtu mkweli akipewa ruhusa hana breki. Fundi aliwatangazia wateja, akamtangazia mlinzi wa geti la shule, na Jumapili moja akamwambia mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba ameanza kuudhika lakini bado kidogo tu. Bibi aliaga mapema, akisema nyumba hiyo imegeuka kituo cha utabiri wa hali ya hewa. Mwalimu naye alipoombwa aseme anachokisubiri badala ya kukunja mikono, alijibu kwamba amefundisha miaka ishirini kwa mikono ileile. Baadaye akakubali kujaribu, kwa kuwa hakutaka dawati la tano.

Siku ya sita kituo kilitoa ripoti yenye mhuri: mhusika anaweza kukaa kitini, anashirikiana michezoni, na yuko tayari kuanza chekechea. Jina la Cheche likatiwa kwenye foleni ya mwakani, na mshauri akasema angalau sasa wanajua wanatafuta nini.

Muhula wa tatu simu ililia karakanani. Mkaguzi wa shule alikuwa ameingia darasani bila salamu, akasimama nyuma akiandika kwenye daftari lake. Dawati la tano lilikuwa limepinduka, na Cheche yuko chini ya meza.

Fundi alifika mbio na ovaroli lake. Hakuuliza ruhusa. Aliinama mbele ya wanafunzi wote, akajipenyeza chini ya meza, kichwa kikagonga ubao wa meza.

"Unanuka gesi," Cheche akasema, mikono masikioni.

"Nimetoka mbio. Nilikuwa na hofu njia nzima. Hasira sina."

"Yule bwana hasemi kitu."

"Nimemwona. Hata mimi ananitisha."

Juu yao mwalimu alisafisha koo. "Sasa tunafungua ukurasa wa arobaini," alitangaza. "Sijakasirika. Nimechoka, na mgeni wetu ananipa wasiwasi."

Kalamu ya mkaguzi ilisita. Cheche alishusha mkono mmoja, akakunja miguu ili baba yake apate pa kuweka ya kwake, na wote wawili wakakaa wakisikiliza hesabu za kugawanya.