Hamingbadi wa Vidunda

Donati alimwona yule ndege kwa mara ya kwanza saa nane mchana, Mikumi mjini, akiwa amekalia kreti la soda nje ya kibanda cha chipsi. Alimwona kwenye simu. Angemwona mlimani, kama alivyokuja kudai, leo angekuwa mtu maarufu. Badala yake akawa mtu anayejulikana tu, tena kwa jambo lisilopendeza kulisimulia mbele ya wakwe.

Alikuwa ndege mdogo wa kijani, kijani kinachong'aa kama karatasi ya peremende, mdomo mwembamba kama sindano, amesimama hewani mbele ya ua kama vile hewa ina ngazi. Hamingbadi. Anaishi misitu ya milimani huko Amerika ya Kusini. Donati alimfahamu vizuri, kwa sababu somo la hamingbadi lilikuwa la mwisho alilohudhuria kabla hajaacha chuo mwaka wa pili. Alikuwa anasomea wanyamapori. Vijana wa Mikumi walimwita Nusu Digrii, naye akawaambia wanampendelea. Ukipiga hesabu vizuri ni robo na ushee.

Sasa, Donati ni Msagara wa Masanze, na Wasagara wana utani na Wavidunda wa kule mlimani. Mtani anaweza kukutania hata msibani mpaka usahau kulia, na huna ruhusa ya kukasirika. Unachoruhusiwa ni kungoja zamu yako. Wiki iliyopita Bi Siwema, mwenyekiti wa kamati ya msitu ya Vidunda, alikuwa ametuma kwenye kundi la WhatsApp la waongoza wageni picha ya nguruwe pori ndani ya mahindi, akaandika: "Jamani Donati, ndugu yako tumemkamata huku, njoo umchukue."

Kwa hiyo ilikuwa zamu ya Donati. Akaichukua ile picha ya hamingbadi, akaituma, akaandika: "Watani zangu, mmelala. Huyu hamingbadi nimemwona juzi kwenu, ukingoni mwa msitu, juu ya shamba la maharage la Mama Upendo. Hajawahi kuonekana Tanzania. Nyie mnalima tu, hamuangalii juu." Shamba la Mama Upendo alilitaja kwa sababu ndilo pekee alilolijua kule; aliwahi kupita akiwa na njaa, akapewa sahani ya maharage.

Akakaa kungoja kicheko. Likaja jibu la Bi Siwema: "Ahsante sana mtaalamu. Tunalifanyia kazi."

Mtu mwenye akili zake angeogopa palepale. Lile ni neno la ofisini. Donati akaagiza chipsi mayai.

Baada ya wiki mbili simu ikaita.

"Msagara," alisema Bi Siwema, "kamati imekaa. Tunafungua njia ya wageni, na mwongozaji tumekuchagua wewe, maana ndiye mwenye macho. Jumamosi anakuja mgeni wa kwanza. Akiridhika, kazi ni yako."

Kazi! Siyo ya kusimama barabarani kupungia magari ya watalii mkono. Kazi yenye shati. Hapo ndipo Donati alipokusudia kusema ukweli. Alishafungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni: "Shati langu mimi ni saizi ya kati, Mwenyekiti."

Akampigia mama yake Masanze, Mama Ida, na kufikia jioni kwaya nzima ilikuwa inajua kwamba mtoto wa Mama Ida ameajiriwa kama mtaalamu wa ndege.

Jumamosi asubuhi alipanda bodaboda hadi Kidodi, kisha mlima. Mwanzo wa njia alikuta kibao kikubwa kama mlango. Emanueli, fundi wa kuchora mabango, alikuwa amemchora hamingbadi mwenye kope ndefu, na juu yake: KARIBU VIDUNDA, NYUMBANI KWA HAMINGBADI. Chini ya kibao alikaa Mzee Hussein wa kamati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mtaalamu. Mimi nimeshamwona mara tatu."

"Mara tatu?"

"Ya tatu alikuwa na mkewe."

Donati alikuwa ametunga ndege, na ndege ameoa.

Mbele kidogo shamba la Mama Upendo lilikuwa limezungushiwa kamba. Mwenyewe, mama mjane mpole, alisimama nje ya kamba na gunia tupu kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi, mtaalamu, huyu ndege ataondoka lini? Nimeambiwa nisiingie nisije nikamfukuza. Sasa maharage yamekauka, yanajipasukia yenyewe."

Donati alitoka pale mbio kumtafuta Bi Siwema.

"Mwenyekiti, huyo ndege hayupo."

Bi Siwema alicheka mpaka akashika mti. "Msagara wewe! Hata siku ya kazi?"

"Kweli tena. Ulikuwa utani."

"Si najua ni utani, ndiyo maana nacheka."

"Hapana, utani ulikuwa ule wa kwanza. Huu wa sasa ndio ukweli."

"Hussein amemwona mara tatu."

"Mzee Hussein kaona kitu kingine."

Bi Siwema akakata kicheko. "Aa, nimekuelewa. Unataka tumpuuze, halafu ukawapeleke wageni wa mahotelini kwa njia yako. Tunakujua. Nenda ukavae shati."

Shati lilikuwa la kijani, limedariziwa kifuani kwa uzi mweupe: DONATI, na chini yake MTAALAMU. Alilivaa kwa nia ya kulivua mara moja. Lilimkaa vizuri mno. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote.

Mgeni alifika saa nne: Mwalimu Sintamei, mwalimu wa baiolojia kutoka Kilosa mjini, darubini shingoni na daftari mkononi.

"Vitabu vyote nilivyosoma vinasema hamingbadi hayupo Afrika," alisema. "Nimekuja nione vitabu vimekosea wapi. Nikiridhika, Jumamosi ijayo naleta darasa zima."

Kamati ikapiga makofi. Bi Siwema akatangaza kwamba mwalimu akiridhika, lile shamba litafungwa moja kwa moja, na Mama Upendo atatafutiwa pengine. Kisha wote wakamgeukia Donati.

Uongo wa pili alikuwa nao tayari, ameshaukunja vizuri: hamingbadi huhama msimu huu, atarudi mwezi wa tano. Sentensi moja tu. Shati lingebaki mwilini, mama yake angeendelea kutamba kwenye kwaya, na mwezi wa tano ni mbali.

Ganda la maharage likapasuka juani, tak. Punje tatu zikaruka nje ya kamba. Mama Upendo akainama, akaziokota moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hayupo," alisema Donati. "Mwalimu, vitabu havijakosea. Nilimtoa kwenye simu. Shamba la watu nililitaja kwa kuwa niliwahi kula pale."

Mzee Hussein akauliza kwa uchungu, "Na niliyemwona mimi?"

"Yule pale, mzee."

Kwenye mgomba pembeni, ndege mdogo wa kijani alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye ua la ndizi. Donati akaanza kueleza, na akishaanza huwa hajui kuacha. Kwamba huyu ni chozi, mwenyeji wa hapa tangu zamani. Kwamba hamingbadi hunywa akiwa hewani na huweza hata kuruka kinyumenyume, wakati chozi huwa anashika kitu kwanza, kama mtu mwenye adabu anavyovuta kiti. Kwamba wote wawili wana mdomo mrefu kwa sababu ya kazi moja, lakini si ndugu. Mwalimu Sintamei aliandika kurasa mbili.

"Somo hili ulipata alama gani?" akauliza.

"Niliacha chuo kabla ya mtihani, mwalimu."

"Inaonekana," alisema mwalimu, lakini hakufunga daftari.

Bi Siwema alikuwa hajacheka. "Kwa hiyo tumekaa wiki mbili tunanyata kwa ajili ya picha."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na mimi kukasirika siruhusiwi."

"Huruhusiwi."

"Haya. Zamu yetu. Vua shati."

Akalivua. Chini alikuwa na fulana yenye tundu kubwa tumboni, na kamati yote ikaliona. Akavuka kamba, akang'oa maharage mpaka mgongo ukawa kama si wake, kisha akapewa fimbo ayapige, huku Mzee Hussein amekaa kwenye kigoda akimhesabia.

"Piga, mtaalamu! Angalia usimgonge hamingbadi!"

"Huyo katua begani kwako! Usitikisike!" akadakia Bi Siwema.

Mama Upendo alimletea maji, na jioni sahani ya maharage. Hiyo ya pili ilishuka kwa shida zaidi kuliko ile ya kwanza.

Kamba ilitolewa. Kibao kilibaki, Emanueli alikataa katakata kukifuta, alisema hajawahi kuchora kope nzuri kama zile. Wiki nzima hakuna aliyempigia Donati simu, isipokuwa mama yake, akiuliza shati litaonyeshwa lini kanisani.

Ijumaa usiku ukaja ujumbe wa Bi Siwema: "Kesho saa tatu. Uwahi."

Akawahi. Shati lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa kibao. Uzi wa MTAALAMU ulikuwa umefumuliwa wote. Matundu ya sindano yalibaki, ukikaza macho unasoma. Na chini ya yule ndege, kwa rangi nyekundu ambayo bado ilikuwa mbichi, Emanueli alikuwa ameongeza mstari:

HAYUPO. MUULIZE DONATI.

Alivaa shati. Wanafunzi wa Mwalimu Sintamei walikuwa wameshafika, wamesimama wanasoma kibao, wanamwangalia, wanasoma tena. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Shikamoo. Wewe ndiye Donati?"

"Marahaba," alisema Donati, akashusha pumzi. "Ndiye mimi. Sikilizeni. Siku hiyo nilikuwa nimekalia kreti la soda..."