Ngedere wa Mita Mia Tatu

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa mtengeneza risasi wa shule. Mahindi mabichi ya shamba la shule yalikuwa yakiibwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyesimama paredi nikasema mwizi ni ngedere.

Niko maabara ya kemia. Mzee Kihwele, mlinzi wetu, ameleta bunduki yake. Imeketi kwenye stuli, imekunja nne.

"Kijana," inasema, "ngedere yuko mita mia tatu. Nataka risasi tatu zipite tundu moja. Baruti ipimwe chembe kwa chembe. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja tu."

Napima. Mizani inakohoa. "Chembe moja imezidi."

Naitoa kwa kibano. Chembe inaniaga na kwenda likizo.

Naisukuma risasi izame kidogo zaidi ndani ya ganda lake. Maabara inakuwa shamba. Jua kali, navua sweta.

"Hivyo ni vitu viwili," inasema bunduki. "Vaa."

Navaa.

Juu ya kichuguu, ngedere ameketi, tai ya shule shingoni.

"Shikamoo," namwambia, maana tai yake ni ya viranja.

"Marahaba. Yale mahindi uliyachoma au uliyachemsha?"

Mzee Kihwele ananigeukia.

"Usimsikilize, mzee," nasema. "Anaota huyo."

"Risasi ya kubahatisha hupiga popote," anaendelea ngedere. "Iliyopimwa sawasawa humpata mwenye kosa. Hizo zimepimwaje?"

"Sawasawa kabisa!" inajibu bunduki kwa fahari, kabla sijafungua mdomo.

"Mzee, naomba nizipime upya. Nilikosea."

"Hukukosea," inasema mizani, ndani ya mfuko wangu.

Mzee Kihwele anafyatua mara tatu. Risasi zinakwenda kwa mstari, kama watoto wa chekechea, zinafika kwa ngedere na kuuliza njia.

"Bweni la pili," anazielekeza. "Kitanda cha juu, dirishani."

Zinamshukuru. Zinageuka. Natimua mbio.

Kengele ya asubuhi ikaniamsha kwenye kitanda changu cha juu, dirishani, nikiwa nimevaa sweta, jasho likinitiririka. Nilijipapasa kifua: kizima. Nikapeleka mkono chini ya godoro, nilikoficha gunzi la Jumamosi.

Lilikuwa na tundu katikati. Moja tu, safi, upana wa penseli.

Na risasi zilikuwa tatu. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna ile tangu nianze shule, na hakuna mtu ninayeweza kumwonyesha.