Siku Chirau Alipokunywa Maandishi

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba. Mtoto hajakojoa tangu jana asubuhi."

Hakunikaribisha mkekani. Nilisimama pale uani kwake, Gazi, na mkoba wangu begani, nikajua kwamba ananiona mimi ndiye ugonjwa.

Ilikuwa mwaka wa 1956. Nilikuwa dresa mpya, msaidizi wa daktari, nimemaliza mafunzo miezi minne tu iliyopita, natembelea vijiji kwa baiskeli na kuwafundisha watu usafi. Nilikuwa na imani kubwa. Niliamini kwamba jambo likielezwa vizuri, mtu yeyote atalifuata, hata mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane.

Chirau alikuwa mjukuu wa Bi Biasha. Mama yake alifariki mtoto akiwa na siku tisa, na memsahibu mmoja wa Diani akampa bibi chupa ya kioo yenye chuchu ya mpira. Tangu hapo mtoto hakutaka kitu kingine. Uji aliutema. Ndizi aliwatupia kuku. Bibi alipoipaka ile chuchu shubiri, kama wanawake wanavyopaka ziwa wakitaka kumwachisha mtoto, Chirau alikunja uso na kuendelea kunyonya.

Lakini mpira ulikuwa umepasuka, na ndani ya ufa maziwa yaliganda yakanuka. Mara tatu mwaka ule tumbo lilimwendesha, na mara ya tatu nusura tumzike. Ndiyo maana nilipokuja siku mbili kabla, niliitia chupa mkobani mwangu na kusema, "Chupa imeisha leo, bibi. Akishikwa na kiu, atakunywa kwa kikombe."

Sasa alikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, midomo imekauka na kupasuka, analia bila machozi.

"Ulisema atakunywa," Bi Biasha aliniambia. "Haya, mnyweshe."

Nilijaribu kikombe cha bati, akauma meno. Nilijaribu kijiko, akakipiga, maji yakamwagika shatini mwangu. Nilichukua kata ya kifuu na kujifanya ninakunywa kwa furaha, nikisema "Aah, matamu!" Chirau alinitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye wazimu, kisha akageuza uso.

"Mwanangu," Bi Biasha akasema, sauti yake imeshuka, "wewe una mtoto?"

"Sina, bibi."

"Basi nirudishie chupa yangu."

Nilifungua mkoba. "Tuichemshe kwanza," nikasema.

"Chemsha. Chemsha na huo mkoba wako."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mafiga, chupa imo sufuriani, wakati Maalim Abdurahman alipobisha hodi. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa Gazi Kurani, mzee mkavu, mwepesi wa kukaripia. Bi Biasha alikuwa amemwita aandike kombe, dawa ya aya za Kurani. Mimi ni mtu wa bara ya Kwale, Mduruma, na sikuwa nimewahi kuliona likiandikwa. Nilifikiri ataleta hirizi. Alileta sahani nyeupe ya kauri, kalamu ya mwanzi, na kichupa cha zafarani iliyolowekwa kwa marashi.

"Wewe ndiye daktari?" akaniuliza.

"Dresa, Maalim."

"Na unapika nini?"

"Chupa."

"Ikiiva utuite."

Aliketi mkekani akaanza kuandika. Aliandika polepole, aya juu ya aya, kutoka ukingoni kwenda katikati, mpaka weupe wa sahani ukajaa mistari ya rangi ya jua la asubuhi. Harufu ya marashi ilijaa uani. Chirau aliacha kulia. Nilidhani nguvu zimemwishia, nikainuka kwa hofu, kumbe alikuwa anatazama ile kalamu.

Maalim alipomaliza, alichukua birika la maji tuliyochemsha na kumimina kidogo sahanini. Shauri lilikuwa kwamba maji yale yatatiwa chupani, mtoto anyonye. Maji yalienea. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Kisha herufi moja iling'oka.

Siwezi kuieleza kwa namna nyingine. Iling'oka mahali pake, ikaelea nzima, ikajinyoosha kama uzi. Nyingine ikaifuata. Maandishi yote yakaanza kutembea, na maji yakawa ya dhahabu. Nilikuwa nimesoma kuhusu vitu vinavyoyeyuka majini, nami nilifaulu mtihani wa somo hilo. Hata hivyo nywele zilinisimama.

Chirau aliinama kutoka mapajani. Alinyoosha kidole ili aikamate herufi, ikamponyoka. Alijaribu tena, ikamkimbia hadi ukingoni. Basi akaifuata kwa mdomo.

Maalim, aliyekuwa ameishika sahani, aliiinamisha kidogo, kidogo sana. Tuliona koo la mtoto likipanda na kushuka. Akavuta pumzi. Akanywa tena. Alikunywa maandishi yote mpaka weupe wa sahani ukarudi, akainua macho kumtazama Maalim, kidevu chake kina manjano.

"Uji," nikanong'ona. "Bibi, uji mwepesi. Katika sahani hiyo hiyo."

Bi Biasha aliumimina vuguvugu. Chirau aliuchungulia. Alitafuta herufi huku, akatafuta kule. Hakuna. Uji ulikuwa uji tu, aliokuwa akiutema maisha yake yote. Aliinua uso akatutazama mmoja mmoja, sisi watu wazima watatu tulioacha kupumua. Kisha akashika sahani kwa mikono yake miwili, akanywa.

Nyuma yangu maji ya sufuria yalikuwa yamekauka, na kioo kilipasuka kwa kishindo. Sikugeuka.

Alikunywa sahani mbili, halafu akajikokota hadi kwa Maalim na kulala mapajani mwake. Jua lilikuwa limeanza kuelekea alasiri wakati Maalim aliposhtuka na kutazama kanzu yake. Doa lilikuwa linaenea.

"Amekojoa!" nilipiga kelele. Nilipiga magoti kuliangalia lile doa, mimi niliyefundishwa kunawa mikono kabla ya kila kitu, na macho yakanijaa machozi.

"Nisamehe, Maalim," Bi Biasha akasema. "Nakuletea maji unyunyize."

"Kunyunyiza kulitosha jana," Maalim akasema. Akanigeukia mimi, mgeni wa mambo yale, akanieleza taratibu. "Mtoto wa kiume asiyejua chakula ila maziwa, mkojo wake ni mwepesi, hunyunyiziwa maji, nguo ikafaa kuswalia. Lakini huyu amekula uji mbele yangu. Huyu ni mla chakula, kama mimi na wewe. Kanzu hii lazima ifuliwe."

Bi Biasha alimtazama bila kupepesa.

"Sema tena, Maalim."

"Ni mla chakula."

"Vua! Nitakufulia mara saba!"

"Mara saba ni za najisi ya mbwa, Biasha. Moja yatosha."

Lakini hakumsikia. Vigelegele vilimtoka, virefu, vikapita juu ya ua wa makuti. Jirani yake, Mbeyu, akapaza sauti kutoka upande wa pili.

"Kuna nini huko? Mnaoza mwari?"

"Chirau amekojoa mkojo wa mtu mzima!"

Halafu, kutoka ng'ambo ya ua, Mbeyu naye akapiga vigelegele.