Mchungwa wa Kwenye Pipa

Kama kuna mti uliowahi kupendwa kupita kiasi, ni ule mchungwa wa baba mkwe. Ulikuwa uani, kwenye pipa la bluu lililokatwa nusu, kati ya nyanya na mchicha, na mwaka huu ulikuwa umebeba machungwa manne ya kwanza. Mzee, aliyeendesha malori miaka thelathini, aliyakagua kila asubuhi moja baada ya jingine, kama zamani alivyokagua magurudumu.

Mkamwana wake, mwoka mikate, alikuwa akitoka alfajiri na kurudi mchana. Wiki moja alirudi akakuta majani yamegeuka njano, mengine yamepukutika.

"Kiu tu hiyo," mzee akasema, ndoo mkononi. "Tangu jana haujaonja hata tone."

Siku yake ya mapumziko mkamwana akabaki nyumbani. Saa moja mzee akaumwagilia. Saa tatu akatoka tena na ndoo: "Maskini, leo nimeusahau!" Saa tano, hivyo hivyo, kwa huruma ile ile. Mkamwana alikuwa jikoni akikata vitunguu. Machozi yakamtoka, na vitunguu vikasingiziwa.

Angemwambiaje? Mwaka jana, daktari aliposema macho yake hayafai tena barabarani, mzee alikabidhi funguo za gari bila neno, kisha akakaa miezi mitatu akitazama ukuta. Mchungwa huo ndio uliomwinua kitini. Ukimpokonya na huo, utamrudisha ukutani. Mume wake, fundi umeme, alikuwa na dawa ya haraka kama kawaida yake: "Ficha ndoo." Akaificha. Mzee akamwagilia kwa sufuria.

Jumapili maji yakawa yamezidi unga. Mkamwana aliinamia pipa, uvundo ukampiga puani. Wakaulaza mti ubavu, yeye na mzee, wakauchomoa. Nusu ya mizizi ilikuwa myeusi na inateleza. Akaikata kwa mkasi. Yale machungwa manne ilibidi yachumwe mabichi ili mti upumzike, na mzee akayachuma mwenyewe, akinung'unika. Wakatoboa pipa matundu sita chini, wakachanganya mchanga na mboji, wakaupanda upya.

"Ule udongo wa zamani haukufaa, Baba," mkamwana akasema bila kumtazama. "Ulikuwa unashika maji."

Mzee aliendelea kushindilia udongo shinani kwa viganja. "Udongo haubebi ndoo, mwanangu."

Mkamwana akaokota mkasi, akaufuta tope.

"Ni mimi, sivyo? Mara ngapi kwa siku?"

Angeweza kudanganya. Lakini alimpenda mno mzee huyu hata asiweze kumfanya mtoto. "Nilizoziona mimi, tatu."

Mzee akajipangusa mikono kwenye suruali, taratibu. "Basi mti ni wako. Mimi nitakaa ndani."

"Hukai ndani!" Mwenyewe alishtuka kwa ukali wake. "Baba, unajua mimi nakanda unga wa mikate mingapi kwa siku? Mia tatu! Unadhani nakumbuka nilipotia maji na ambapo bado? Kichwa gani hicho? Natia kidole. Kidole ndicho kinachoniambia."

Akaushika mkono wa mzee, akakizamisha kidole chake cha shahada udongoni mpaka kiungo cha pili.

"Ukikuta unyevu, kazi imeshafanyika, hata kama humjui aliyeifanya. Ukikuta pakavu, mwagilia. Huhitaji kukumbuka kitu."

Mzee alibaki ameinama, kidole ndani ya udongo. "Na bosi wako anajua kwamba hukumbuki?" akauliza.

"Thubutu!"

Wakacheka mpaka mume akatoka kuuliza kulikoni.

Sasa mchungwa umeanza kutoa majani mapya, madogo kama kucha. Siku za mapumziko mkamwana huona yote kutoka dirisha la jikoni. Saa moja mzee anamwagilia. Saa tatu anakuja mbio na ndoo yake aliyorudishiwa, anaitua, anatia kidole, kisha anakiinua juu kikiwa na udongo.

"Mwanangu! Kumbe nimeshaumwagilia!"

"Hongera, Baba!"

Saa tano anakuja tena, anatia kidole, na furaha ni mpya kabisa. Mkamwana anaacha kisu na vitunguu, anatoa kichwa dirishani, na kumpongeza kwa sauti ile ile, bila kupunguza hata kidogo.