Mtoto wa Tano wa Koti

Daktari wa mifugo alisema watano. Aliwahesabu kwenye picha ya mashine, akamwonyesha fundi cherehani kila uti wa mgongo kwa ncha ya kalamu, na fundi hakuwa mtu wa kupotewa na hesabu. Kwa hiyo aliporudi kutoka kumpelekea mteja gauni na kumkuta mbwa wake Koti amezaa chini ya meza ya kukatia, alihesabu kwanza, furaha ikangoja. Walikuwa wanne.

Na aliyebaki na mbwa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, yule yule aliyeomba mtoto mmoja kabla hata mimba haijaonekana, akaambiwa wote wana wenyewe.

"Wa tano yuko wapi?"

"Hajatoka, wifi. Wa nne kazaliwa saa nane kamili, na tangu hapo anasukuma tu. Tumwite daktari."

Jibu lilinyooka mno, utadhani lilipigwa pasi. Fundi alitupa jicho kwenye mkoba wa wifi yake pale mlangoni. Zipu ilikuwa imefungwa hadi mwisho. Nani hufunga mkoba hivyo nyumbani kwa kaka yake? Na huyo daktari anaitwa ili iweje, kama si kumtoa yeye nje akapige simu, mwizi apate upenyo?

Alianza na kapu la vipande, akaja kwenye marobota ya kitambaa, akapekua nyuma ya cherehani, kisha stoo, kisha uani hadi ndani ya pipa. Wifi alimfuata akisema, "Mwangalie mbwa kwanza," na kila aliposema, fundi alizidi kuamini kwamba anapotezwa maboya.

Koti naye alikuwa akikunja mgongo, anakaza, anahema, anageuka kutazama mkia wake. Ute wa kijani ulimchuruzika. Watoto wanne walilia na hakuwalamba hata mmoja.

"Unaona?" fundi alisema. "Anamtafuta mwanawe."

Mwisho aliufungua mkoba. Ndani mlikuwa na khanga, dawa za presha na miwani. Wifi hakumzuia, na hata hilo fundi alilitilia shaka.

Ndipo Koti akajikokota hadi miguuni pake, akalala ubavu. Fundi alimwekea mkono tumboni, mkono uliozoea kutafuta pini iliyosahauliwa ndani ya pindo, na chini ya ngozi akakuta kitu kigumu, cha duara, kimekwama. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Akachukua simu, akampigia daktari.

Daktari hakukaa mbali. Alifika mara moja na kuandaa sindano. "Amesukuma hivi kwa muda gani bila mtoto kutoka?"

Wifi aliwahi. "Ndiyo kwanza ameanza, daktari. Tulipoona tu, tukakupigia."

Fundi alimtazama. Alitafuta mtego katika maneno yale, kwa mazoea tu, na hakuuona. Mwanamke aliyepekuliwa kama kibaka alikuwa anamsitiri.

"Kama ni dakika chache, namchoma hii ya kuongeza uchungu, tunasubiri kidogo," daktari alisema, akashika mguu wa Koti.

"Usimchome," fundi alisema. "Ni muda wa saa moja na nusu. Wifi aliniambia tangu nilipoingia. Mimi nilikuwa napekua mkoba wake."

Daktari hakumtazama mara ya pili. Aliirudisha sindano, akamnyanyua Koti na shuka lake. "Huyu ni wa kupasuliwa, sasa hivi."

Wifi alikwenda naye, ameshika kichwa cha mbwa. Fundi alibaki sakafuni na wale wanne, akiwapangusa kwa kitambaa cha bitana. Simu ilipoita jioni, aliogopa kuipokea.

"Mama mzima," wifi alisema. "Mtoto tumempoteza. Daktari ameuliza maiti yake aipeleke wapi. Nimemwambia asiifunge kwanza. Nilijua utataka kuhesabu."