Sauti Iliyomkimbia Popo

Mafundi wenzake walimpachika jina la Popo kwa sababu ya masikio yake. Walisema mbu akipiga chafya jikoni, Popo ataacha kurekodi. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwake, kuta zimevikwa sponji, mlango mzito hadi usukumwe kwa bega. Humo alirekodi kwaya, matangazo ya sabuni, na watu waliodhani wanajua kuimba.

Mkewe alijua, ila aliimba akifua tu. Alipougua, na daktari akaanza kuzungumza nao kwa upole uliozidi, Popo alimketisha mbele ya kipaza sauti chake bora. Alirekodi kwa kiwango cha juu kabisa, mashine ikichukua sampuli za sauti karibu laki moja kila sekunde, ili kisipotee kitu.

"Unanisindika kwenye kopo kama maziwa?" mkewe alimtania.

"Nakuweka mzima mzima."

Akaimba nyimbo za kubembelezea watoto, akipumzika kila baada ya wimbo. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Miaka ikapita Popo asithubutu kulifungua faili lile. Siku alipolifungua, alishtuka. Sauti ilikuwa butu, kama ya mtu anayeimba amejifunika blanketi. Alibadilisha spika, akabadilisha nyaya, wapi. Mwisho akaamini faili limeharibikia ndani ya diski, akatengeneza nakala na kuanza kuitibu: akapandisha sauti nyembamba, leo kidogo, kesho kidogo. Wateja aliwaambia wasubiri, nao wakachoka kusubiri.

Binti yake alikuja kumsalimia, mtoto mgongoni.

"Baba, nipe hata kipande nikiweke kwenye simu. Mjukuu wako amsikie bibi yake."

"Bado. Namrudisha kwanza."

"Unamrudisha kutoka wapi?"

Popo akabonyeza kitufe.

Mtoto aliangua kilio. Binti akaziba masikio. "Zima, baba! Kila akitamka 's' ni kama kisu kinakwaruza sahani!"

"Kisu gani? Mbona ndiyo kwanza anaanza kusikika?"

Binti alimkazia macho, kisha akasema polepole, "Hebu nisikilizishe ile ya mwanzo, ambayo hujaigusa."

Popo aliifungua. Kwake ilikuwa blanketi lile lile. Lakini binti alijikuta ameketi sakafuni, machozi yakimtiririka.

"Mama huyu hapa," alisema. "Hajapungua kitu."

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa masikio. Alimwingiza Popo kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, akamvika vipokea sauti na kumwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Milio ikazidi kuwa myembamba, Popo akinyoosha mkono. Kisha kimya. Alingoja. Akangoja tena.

"Daktari, mbona huendelei?"

"Mzee wangu, nimeshamaliza yote."

Alimweleza bila haraka. Mtoto husikia mitetemo hadi elfu ishirini hivi kwa sekunde. Umri unapunguza kuanzia juu, taratibu, bila maumivu, na mwenye masikio huwa wa mwisho kujua. Masikio ya Popo yalikuwa yakiishia chini ya nusu ya hapo.

"Hakuna kifaa?"

"Kipo, kitakusaidia kwenye mazungumzo. Lakini kilichokufa ndani ya sikio hakifufuki."

"Na faili langu?"

"Faili lako ni zima. Lina hata ambavyo hakuna binadamu anayeweza kuvisikia."

Njiani walitembea, binti amemshika mkono. Mbele ya duka la viatu akasimama.

"Nilimlinda asipotee kwenye mashine," alisema, "kumbe anapotelea humu." Akagusa sikio.

"Ni umri tu, baba."

"Najua ni umri. Ndiyo maana sina wa kumlaumu."

Walipofika nyumbani alizifuta nakala zote alizozitibu, akamkabidhi binti ile ya mwanzo. Binti akaibana ikawa faili dogo la kuenea kwenye simu. Zamani Popo angeliita makapi. Sasa alivuta kiti tu, akasogea karibu. Mtoto alikuwa amelala, na wimbo ukaanza kutoka simuni.

"Hapo kabla ya ubeti wa pili," Popo aliuliza, "kuna nini? Mimi nasikia kimya."

Binti akasikiliza. "Anavuta pumzi. Halafu midomo inaachana, kama anatabasamu."

"Alitabasamu?"

"Nasikia hivyo, baba."

Popo hakuwa ameliona tabasamu hilo. Siku ile macho yake yote yalikuwa kwenye taa za mashine, akihofia sauti isizidi kipimo. Aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, binti akamwekea mkono mgongoni hadi yakatulia.

"Rudisha nyuma," akasema. "Niambie tena."